Nyaraka za Nyumba Husomwa kwa Kulinganishwa

Nakala ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi kuhusu huduma za ardhi



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa nyumba katika kata zetu hizi za karibu na kitovu cha jiji la Dar es Salaam: Magomeni, Mzimuni, Ndugumbi, Kigogo, Hananasif na jirani zake. Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria wala si mpima ardhi. Kazi yangu ni habari na mawasiliano, na haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuwauliza wenzangu wa Idara ya Ardhi na Mipango Miji na kwa kuzisoma sheria zenyewe. Mwenye shauri zito asikomee kwangu, amwone wakili.

Nyumba katika maeneo haya ni ghali kupita ukubwa wake. Kiwanja ni kidogo, jengo aghalabu ni la miaka mingi, paa limeshika kutu, lakini mtu hununua ukaribu: Kariakoo si mbali, shule ipo, hospitali ipo, mabasi ya mwendokasi yanapita. Naye anayenunua mara nyingi haleti fedha za ziada. Huleta kiinua mgongo chake, au mkopo wa benki atakaoulipa kwa miaka mingi, au fedha ambazo ndugu walio ughaibuni wamezituma kidogo kidogo. Fedha za namna hiyo humjia mtu mara moja katika maisha. Zikipotea, familia haina mahali pa kuzirudia. Na hata mahakama ikimpa mnunuzi haki yake, yaweza kumpa hukumu dhidi ya muuzaji ambaye hana tena kitu cha kulipa.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Katika jimbo la Victoria nchini Australia, kwa mfano, mtu anayeuza nyumba kwenye vitongoji vya karibu na katikati ya mji wa Melbourne hulazimika, kabla mnunuzi hajatia saini, kumkabidhi taarifa ya maandishi inayoeleza rehani zilizopo, kodi na tozo za kiwanja, mpango wa matumizi ya ardhi ya eneo hilo, na vibali vya ujenzi vilivyotolewa katika miaka saba iliyotangulia. Muuzaji akificha au akidanganya katika taarifa hiyo, mnunuzi yaweza kuwa na haki ya kuuvunja mkataba. Hata huko watu hushauriwa wasiipokee taarifa hiyo bila kumpa mwanasheria aisome. Lakini angalau bahasha ipo.

Kwetu hakuna bahasha moja ya namna hiyo. Habari zipo, ila zimetawanyika: nyingine ziko kwa Msajili wa Hati, nyingine Halmashauri, nyingine mahakamani, nyingine kwa majirani. Mnunuzi ndiye mwenye kazi ya kuzikusanya. Wala sheria haimwonei huruma asiyezikusanya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamhesabu mnunuzi kuwa alijua siyo yale tu aliyoambiwa, bali pia yale ambayo angeyajua kama angeuliza na kukagua kwa kiasi kinachostahili. Kwa hiyo neno “sikujua” halimkingi mtu ambaye hakuuliza.

Jambo ninalotaka mlichukue leo ni hili: hakuna karatasi hata moja, iwe na mihuri mingapi, inayotosha peke yake. Karatasi za nyumba husomwa kwa kuwekwa pamoja mezani na kulinganishwa, moja ikiwa shahidi wa nyingine. Jina lililo kwenye hati liwe ndilo lililo kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye risiti ya kodi ya pango la ardhi, na kwenye majibu ya upekuzi. Namba ya kiwanja na herufi ya kitalu ziwe zilezile kila mahali. Ukubwa uliotajwa kwa mita za mraba uwe ndio uliopo ardhini. Zikitofautiana, msikubali kuambiwa kwamba ni makosa ya uandishi. Huenda ni makosa ya uandishi kweli, lakini basi yarekebishwe na muuzaji kwanza, kwa gharama yake, kabla ya senti ya kwanza kutolewa.

Tuanze na milki yenyewe. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachouza muuzaji ni haki ya kumiliki kwa muda, pamoja na majengo yaliyomo. Kwa hiyo maswali mawili ya awali ni haya: haki hiyo ni ya aina gani, na imebaki miaka mingapi?

Yenye nguvu kuliko zote ni hati miliki, ambayo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Watu wengi hutazama jina na picha ya kiwanja, wakasahau kutazama muda. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1990 ilikwisha mwaka 2023. Nyumba bado imesimama, mwenye nyumba bado anakusanya kodi ya vyumba, lakini yule anayeuza mnunuzi akamlipa anauza kitu ambacho kinahitaji kuombewa upya. Katika mitaa yetu ya zamani hati za umri huo si chache.

Baada ya hati kuna barua ya toleo, ile ambayo sote twaiita ofa. Ofa ni ahadi ya serikali ya kumpa mtu milki akitimiza masharti, si hati. Kwa kuwa haijasajiliwa, upekuzi kwa Msajili hautaionyesha, na badala yake inabidi jalada la kiwanja litazamwe katika ofisi ya ardhi. Mlango wa udanganyifu uko hapo. Kiwanja kimoja chaweza kuwa na ofa mbili zilizotolewa kwa watu wawili kwa nyakati tofauti, hali ambayo maofisa wa ardhi huiita milki pandikizi. Kila mmoja wa watu hao anaweza kuwa mkweli. Mnunuzi wa mmoja wao ndiye atakayeipokea kesi.

Kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa kuna leseni ya makazi. Leseni hutolewa na Halmashauri, ni ya muda mfupi, na huhitaji kuhuishwa. Ni karatasi halali na yenye heshima yake, lakini anayeuza kwa bei ya hati ilhali mkononi ana leseni iliyokwisha muda, huyo anauza jina la mtaa. Na kwa mwenye kununua sehemu ya ghorofa, aulize hati ya sehemu hiyo inayotolewa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Hati ya kiwanja kizima yenye jina la mjenzi haimlindi mwenye chumba cha ghorofa ya nne.

Kisha kuna ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Waheshimiwa wenyeviti waliopo hapa wataniwia radhi, maana hili nalisema kwa manufaa yao pia. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu fulani walifika ofisini wakatia saini mbele ya kiongozi. Hauwezi kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mmiliki, kwa sababu ofisi ya mtaa haitunzi daftari la milki. Thamani ya ofisi ya mtaa iko kwenye kumbukumbu za watu wake kuliko kwenye wino. Mwenyekiti anajua ni nani aliishi nyumba ile, nani alizikwa kutoka nyumba ile, na ni ugomvi gani uliwahi kuletwa barazani. Mnunuzi mwenye busara huenda kwa mwenyekiti kuuliza maswali mapema, badala ya kwenda siku ya mwisho kutafuta muhuri.

Sasa upekuzi. Utaratibu wake si mgumu kama unavyovumishwa. Mwombaji hupeleka nakala ya hati katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, hujaza maombi, hupewa namba ya malipo ya serikali, hulipa, kisha Msajili humjibu kwa maandishi. Majibu hayo hueleza mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine, na kama kuna amri ya mahakama. Ombi hilo alipeleke mnunuzi mwenyewe au wakili wake. Karatasi ya upekuzi iliyoletwa na dalali ni karatasi ya dalali.

Mambo mawili juu ya upekuzi husahaulika mno. Kwanza, rehani haifutiki kwa mkopo kulipwa. Muuzaji anaweza kuonyesha barua ya benki isemayo kwamba hadaiwi kitu, na barua ikawa ya kweli, lakini mpaka kufutwa kwa rehani kusajiliwe, daftari bado litaonyesha kwamba nyumba imefungwa. Ajikamilishie hilo kabla ya kuuza. Pili, majibu ya upekuzi ni picha ya siku moja. Mtu aliyefanya upekuzi mwezi wa tatu akalipa mwezi wa tisa hajui kilichoandikwa kati ya miezi hiyo. Upekuzi urudiwe siku chache kabla ya malipo makubwa. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba. Aidha, sheria ya usajili wa ardhi inamruhusu mtu mwenye maslahi, kama mnunuzi aliyekwisha kutia saini mkataba, kuomba zuio liwekwe kwenye daftari ili nyumba isiuzwe kwa mwingine wakati uhamisho unaendelea. Sioni kwa nini wengi hawatumii haki hiyo.

Dalali atasema kwamba kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Inawezekana. Lakini mteja huyo naye, akiwa mwangalifu, atahitaji upekuzi uleule.

Ndugu zangu, nitakaa zaidi kwenye nyumba za urithi, kwa kuwa katika kata zetu ndizo nyingi, na ndizo zinazoleta machozi. Chukueni mfano wa nyumba ya vyumba sita. Mzee aliijenga zamani, akaoa wake wawili, akaacha watoto saba. Hati, kama ipo, bado ina jina la marehemu. Anayekuja kuuza ni mtoto mkubwa, ameshika muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini nne, na kitambulisho chenye ubini wa marehemu. Majirani wote wanamfahamu, amezaliwa humo. Mnunuzi anaridhika, maana haoni tapeli, na kweli tapeli hayupo. Lakini pia muuzaji hayupo.

Marehemu hauzi, na mtoto haridhi mamlaka ya kuuza kwa kuzaliwa. Anayeweza kushughulikia mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Mahakama ndiyo huteua. Na nyumba ikiwa na hati, msimamizi huyo hupeleka uteuzi wake kwa Msajili ili aandikwe kwenye daftari mahali pa marehemu, ndipo aweze kuihamisha kwa mnunuzi. Hatua hiyo ya katikati ndiyo ambayo watu huiruka kwa haraka.

Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba ya urithi aombe barua ya usimamizi, aandike namba ya shauri, kisha aende mwenyewe kwenye mahakama iliyoitoa akaulize kama uteuzi ule bado unasimama. Msimamizi aweza kuondolewa, na akiondolewa hakuna anayepita kumnyang’anya karatasi ya zamani. Aulize pia kama kuna pingamizi lililofunguliwa na mrithi yeyote. Kisha awatafute warithi wote, siyo wale wanne wa kwenye muhtasari. Yule binti aliyeolewa Tanga na yule kijana aliye Muscat, ambao muuzaji anasema “hawana neno”, waandike wenyewe kwamba hawana neno. Hata pale msimamizi anapokuwa na mamlaka kamili ya kuuza, ridhaa ya maandishi ya warithi humwepusha mnunuzi na miaka mingi ya kuitwa mahakamani. Wakiwamo watoto wadogo, pana haja ya uangalifu mkubwa zaidi, na hapo wakili hakwepeki. Mama mjane anayeishi chumba cha uani naye asipitwe kana kwamba ni sehemu ya samani.

Nimetaja mjane, nitaje na mke au mume aliye hai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja peke yake. Na akiuza kinyume cha hapo, sheria hiyohiyo inaweza kumwacha mwenza aliyedhulumiwa na haki ya kuendelea kuishi humo, hata kama mnunuzi ameshalipa. Ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe mbele ya wakili, na mwenza aonekane kwa macho, kitambulisho mkononi. Muuzaji akisema hajaoa, alete kiapo kinachosema hivyo. Akisema ametalikiwa, alete talaka na aeleze mahakama iliamua nini juu ya nyumba. Maswali haya hayana adabu mbaya. Mwenye nyumba yake kwa haki hujibu bila kukasirika, na aliyekasirika sana amekwisha kukupa jibu la aina yake.

Tukitoka kwenye majina, twende kwenye ardhi yenyewe, kwa maana hati safi yaweza kuwa ya kiwanja kisichofaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Sisi tunaopakana na Mto Msimbazi hatuhitaji kufundishwa maana yake. Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa, na alama nyekundu za X zilionekana kwenye kuta hadi mbali na maji. Tangu hapo umekuja mradi mkubwa wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, na watu wa maeneo husika wamethaminiwa na kulipwa fidia ili wahame. Kwa hiyo anayeonyeshwa nyumba ya bei ya kushangaza upande wa bonde aulize swali moja katika Idara ya Mipango Miji: je, jengo hili limo katika eneo lililothaminiwa? Asiulize kwa mdomo; aandike barua, ajibiwe kwa barua. Halafu aitembelee nyumba wakati wa masika, au, kama ni kiangazi, atazame alama za maji ukutani. Ukuta uliopakwa rangi mpya kwa nusu ya chini tu unastahili kuulizwa umeficha nini.

Barabara nazo zina hifadhi yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya wanaukumbuka mwaka 2017 na bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro. Baadhi yao walikuwa wamenunua kwa nia njema kabisa. Mwenye kununua karibu na barabara yoyote kubwa, au inayotarajiwa kupanuliwa, aulize TANROADS au TARURA, kutegemea barabara ni ya nani.

Mipaka ya kiwanja pia hutazamwa ardhini. Ramani ya upimaji huonyesha bikoni. Bikoni zitafutwe, na zisipoonekana mpima aitwe azirudishe kabla ya mauzo. Katika mitaa iliyobanana, si ajabu choo cha nyumba inayouzwa kuwa ndani ya kiwanja cha jirani, au vyumba vya uani vilivyoongezwa bila kibali kuwa vimeziba njia. Muuzaji aonyeshe kibali cha ujenzi cha jengo na cha kila nyongeza. Jengo lisilo na kibali ni tatizo linalohamia kwa mmiliki mpya, pamoja na notisi zake.

Madeni nayapitia upesi. Kodi ya pango la ardhi inayodaiwa hukifuata kiwanja. Risiti za miaka iliyopita zionekane, na deni lithibitishwe kwenye mfumo wa Wizara ya Ardhi. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa la jengo la ghorofa mijini. Mita iliyokaa muda mrefu bila kununuliwa umeme huwa imelimbikiza, na mnunuzi huligundua siku ya kwanza anapoweka fedha na kupata yuniti chache. Ankara ya maji nayo iombwe. Lakini risiti za aina hizi zisichukuliwe kuwa uthibitisho wa umiliki: katika nyumba ya kupanga, anayenunua umeme ni mpangaji, basi je, naye ni mmiliki?

Na hao wapangaji wasisahaulike. Waulizwe wamelipa kodi mpaka mwezi gani, na kwa nani. Huenda wote wamelipa mwaka mzima mbele, na fedha muuzaji amekwisha kuzitumia. Huenda pia wakataja jina la mwenye nyumba ambalo mnunuzi hajawahi kulisikia, na hilo lina faida kubwa kuliko umeme na maji.

Kila kitu kikilingana, mkataba uandikwe. Sheria haiutambui mkataba wa mauzo ya ardhi usio wa maandishi. Bei iandikwe ile halisi. Wako wanaoshauri iandikwe ndogo ili kodi ipungue. Wakumbuke kwamba thamani hupitiwa na wathamini wa Serikali, na zaidi ya hapo, shauri likiharibika, fedha utakayoidai ni ile uliyoiandika kwa mkono wako. Mkataba useme nani atalipa kipi: kwa sheria, kodi ya mapato yatokanayo na mauzo ni ya muuzaji, nayo hulipwa TRA kabla ya uhamisho kusajiliwa, ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida huwa wa mnunuzi. Malipo yapitie benki, kwa awamu, na awamu ya mwisho ingoje uhamisho. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zisainiwe mapema na zikae kwa wakili.

Kulipa siyo mwisho. Uhamisho usiosajiliwa haumfanyi mnunuzi kuwa mmiliki mbele ya daftari, na wako wenzetu walioishi miaka kumi na tano katika nyumba walizozinunua huku daftari likiendelea kumtaja muuzaji, ambaye siku moja alifariki, na mnajua sasa mlango gani ulifunguka.

Penye mgogoro, Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, hufanya usuluhishi. Halitoi tena hukumu ya ardhi. Usuluhishi usipofaulu, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msimlipe mtu yeyote kwa ahadi ya “kumaliza” jambo katika ngazi ya kata.

Maofisa wa Idara ya Ardhi wameketi kwenye ile meza iliyo karibu na mlango. Mwenye nakala ya hati, ofa au leseni anayetaka kuelezwa iliyoandikwa aipeleke sasa, na mwenye kutaka kuandika barua ya kuuliza kuhusu bonde au barabara atasaidiwa kuiandika. Naomba pelekeni nakala tu. Hati halisi zirudi nyumbani na wenyewe. Mheshimiwa Diwani, kwa ruhusa yako, tupokee maswali, tukianza na mama yule wa safu ya tatu ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja wajane.